Nilizima Seva, Walimu Wakaendelea Kujaza Alama

Mimi ni fundi wa kompyuta, na leo sijielewi.

Asubuhi nimeitwa shule moja hapa Mbita. Walimu watatu wanajaza alama kwenye kompyuta tatu, na alama zote zinafaa kuingia kwa seva, ile kompyuta ya ofisini. Lakini hakuna anayeona alama za mwenzake.

Wazazi nao wako nje wanangoja ripoti. Wengine boti yao ya kwenda kisiwa cha Mfangano inaondoka saa nane.

Nikaangalia nyaya, ziko sawa. Nikaamua kuzima seva kabisa.

Walimu wakaendelea kujaza tu. Wala hawakujua.

Jameni, sasa hizo alama zinaenda wapi?

Nikauliza kila kompyuta anwani ya seva. Zote zikanipa 127.0.0.1. Hiyo ni anwani ya kompyuta kujiita yenyewe.

Mwalimu Akinyi, mmoja wa wale watatu, akaniuliza. "Kwa hivyo kila moja ikiuliza seva ni nani, inajijibu 'ni mimi'?"

"Ndio, mwalimu."

"Na inajiwekea alama zangu?"

"Ndio."

"Sasa nani aliifunza hivyo?"

Hapo nikakumbuka. Muhula uliopita nilitengeneza seva vizuri, halafu nikaona nisijichoshe. Nikanakili kila kitu chake kwa zile tatu, hata ule mstari wa kujitambulisha kuwa ndiyo seva.

Mwalimu bado ananiangalia.

Nikamjibu vile kompyuta zake zinajibu. "Ni mimi."

Boti imeacha wazazi wawili. Wewe ungesema nini?