Pasaka ya Mama Akiwa Bado na Nguo Nyeusi

Mama aliingia Uhispania amevaa nyeusi tangu kichwani hadi miguuni, na huo ulikuwa mwaka wa tatu tangu baba afariki. Kwetu mjane hajivui nguo za msiba mwenyewe, anavuliwa na ndugu wa mume. Na ndugu wa baba aliyebaki ni mmoja tu, shangazi yetu wa Iguguno, mkulima wa alizeti, mwenye sauti ya kuita ng'ombe toka bonde la pili. Kila tukimwendea, jibu ni lile lile: "Bado." Mama hakuwahi kumwomba. Alivaa tu, jua la kwetu Mandewa likimchoma juu ya kitambaa kizito, na mwili ukazidi kuisha. Mimi nilikuwa nimeshachoka na shangazi, nasema kweli. Baba alikuwa kaka yake, sawa, lakini si alikuwa baba yangu pia?

Dada yangu, aliyeolewa huko Uhispania, ndiye aliyetualika sote kwa Juma Kuu. Alidhani labda wakiwa mbali na kaburi, shangazi atalegea. Nikamwambia, humjui shangazi yako wewe.

Ijumaa Kuu jioni tulisimama pembeni mwa mtaa mwembamba wa mawe. Taa zimezimwa. Ngoma moja inapigwa polepole, halafu kimya, umati wote ule, hata mtoto halii. Jamani, kimya kile! Likatokea jeneza la kioo, sanamu ya Yesu imelazwa ndani, limebebwa na wanaume waliojificha chini ya mapazia. Tuliona nyayo zao tu. Vinyweleo vikanisimama. Nyuma yake wakafuata wanawake, safu kwa safu, wote katika nyeusi, mitandio ya lesi kichwani.

"Hawa wote wamefiwa?" mama akanong'ona.

Kabla dada hajajibu, mama na shangazi walishaingia barabarani. Kwetu jeneza likipita husimami kulitazama, unalifuata. Wakaanza kuwapa wale wanawake mkono, mikono miwili, na goti kidogo: "Pole, mama. Poleni sana." Huyu pole, yule pole.

"Mungu wangu," dada akaficha uso, "ni maandamano tu hayo, hakuna aliyefiwa!"

Lakini bibi mmoja alimtazama mama, akazitazama nguo zake, akamshika mkono na hakuuachia tena. Walitembea hivyo mpaka kanisani, yule bibi machozi yanamtiririka. Na mimi nikalia, wala sijui nililia nini. Njiani kurudi nyumbani shangazi alitembea nyuma ya mama, akizitazama zile nguo nyeusi.

Asubuhi ya Pasaka tulikwenda uwanjani mbele ya kanisa. Upande huu analetwa Yesu mfufuka, upande ule mama yake, Bikira Maria, kafunikwa mtandio mweusi. Walipokutana katikati, wabebaji wakachuchumaa taratibu, na sanamu nzito ya Maria ikainama kama mtu anayesalimia. Wanawake wawili wakaufungua mtandio. Chini yake, vazi jeupe linawaka juani! Kengele zote zikalia kwa pamoja, watu wakapiga makofi, wengine wanakumbatiana na kulia. Mimi nilibaki mdomo wazi. Nimesali Pasaka tangu utotoni, lakini sikuwahi kuiona ikitembea kwa miguu namna ile.

Shangazi akamgeukia dada. "Nani kasema nyeusi sasa inatosha?"

"Mwanae kafufuka, shangazi."

"Kaka yangu hajafufuka."

Nilitaka kumjibu vibaya, neno lilishafika mdomoni. Mama akaniwahi, wala hakuinua sauti.

"Hajafufuka, wifi. Lakini mimi sikufa."

Shangazi akanipa mkoba wake, akapeleka mikono kisogoni kwa mama, akaanza kuhangaika na fundo la kitambaa cha kichwani. Likamshinda, akalifungua kwa meno, kitambaa kikadondoka.

Siku tunamzika baba, nywele za mama zilikuwa nyeusi. Sasa zilikuwa nyeupe pe, zote. Sisi wa nyumbani tulijua. Shangazi hakujua. Akakishika kile kichwa kwa viganja viwili, watu wakitupita huku na huku wakishangilia, akasema, "Wifi, mbona hukuniambia?"