Nguzo za Nyumba ya Mama

Nyumba ya mama ilikuwa na nguzo moja kubwa ya katikati na nne ndogo zilizoizunguka. Babu, baba mkwe wake, alizikata mlimani mwaka mama alipoolewa, kwa mti mgumu ambao mchwa huuonja na kuuacha. Mimi nilizikuta zimeshakuwa nyeusi kwa moshi wa jiko, zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Mama alitundika vibuyu vya maziwa kwenye ile ya katikati. Alipokuwa akitukemea, aliishika kwa mkono mmoja.

Kwetu Ukuryani nyumba ni ya mwanamke. Mume ana ng'ombe, ana mji, ana sauti mbele ya wanaume wenzake, lakini jua likizama huingia kwa mke wake kama mtu aliyekaribishwa. Na mume akibomoa nyumba ya mke wake hali mke yu hai, amemwambia kwamba hana mume. Hakuna haja ya maneno mengine.

Tulipohamishwa kwenda kijiji cha ujamaa, karibu na barabara iendayo Nyarero, lori la serikali lilichukua watu, kuku, vyungu na mitungi. Halikuchukua nguzo. Dereva alikuwa anapiga honi. Mama alisimama mlangoni na hakupanda mpaka baba alipomwendea.

"Mvua zikikatika nitakuja na mkokoteni wa ng'ombe," baba alimwambia. "Nguzo zako hazitalala huku."

"Zote tano?"

"Zote tano. Nitakujengea nyumba ileile, ila mahali pengine."

Nilikuwa karibu yao, nimebeba kuku wawili kwapani, na niliyasikia maneno hayo kwa masikio yangu. Kijijini, kwenye mstari wa nyumba ulionyooshwa kwa kamba, tulijenga kibanda cha fito nyembamba. Mama alikataa kukikandika udongo. Alisema mtu hakandiki mahali anaposubiri. Kila asubuhi alipotoka nje alitazama ng'ambo ya bonde, ambako paa la nyumba yake lilionekana bado limesimama, halafu akaenda kuteka maji.

Maji yalitoka kwenye chemchemi chini ya kichaka kikubwa. Kilikuwa kichaka cha wazee wa mila. Zamani shoka halikuingia humo, na hata mbuzi akipotelea ndani alitafutwa kwa heshima. Kijiji kizima sasa kilikunywa pale.

Kazi ya kwanza ya kijiji ilikuwa kiwanda cha matofali, na matofali ya kwanza yalikuwa ya zahanati. Baba aliwekwa kuwa msimamizi kwa sababu katika ujana wake alichoma matofali misheni. Mimi nilikuwa msichana mkubwa, nimemaliza shule, nikapangiwa kukanyaga udongo na wanawake wengine. Tulikanyaga huku tunaimba, tukajaza vibao vya kufyatulia, tukaanika tofali kwenye nyasi. Sijawahi kuona watu wakifanya kazi kwa moyo namna ile. Kila mwanamke pale alikuwa na sababu yake ya kuitaka zahanati. Mama alikuwa na yake: kaka yangu mdogo, wa mwisho, alibebwa mgongoni kwenda hospitali ya Tarime akiwa na homa, na mama alirudi naye mgongoni vilevile, bila kumfungua, mpaka alipofika nyumbani.

Tanuru la kwanza lilituharibikia. Baba alitaka tungoje kuni zikauke, lakini kiongozi kutoka wilayani alikuwa anakuja kukagua, na mwenyekiti wa kijiji hakutaka kumwonyesha lundo la udongo. Baba akakubali. Nusu ya kichaka ilikatwa, miti mibichi inayotoa maji kwenye shina, ikaburutwa hadi tanuruni. Wazee wa mila walikaa kando ya njia wakitazama inapita. Mmoja wao aliamkiwa shikamoo na vijana waliokuwa wakiburuta, naye hakuitikia.

Halafu sisi wanawake tukaambiwa tulikandike tanuru kwa nje, joto lisipotee. Hatukuwahi kukandika tanuru maishani. Tulijua kukandika nyumba. Basi tukalikandika kama nyumba: udongo kwanza, kisha mavi ya ng'ombe yaliyochanganywa na majivu, tukalisugua kwa viganja mpaka likawa laini, tukapanda hadi juu na kuziba kila ufa. Bibi mmoja aliyekuwa mcheshi wetu akarudi nyuma kulitazama.

"Limependeza," alisema. "Bado kuliposa tu."

Tulicheka sana. Baba alikuwa bondeni akisimamia kuni, na aliporudi moto ulikuwa umeshawashwa. Moshi haukuwa na pa kutokea. Miti mibichi ililia na kutoa povu, moto ukasinzia, ukafa, ukawashwa tena, ukafa tena. Baba alipopanda na jembe kutoboa matundu juu, alikuwa amechelewa. Tulipolibomoa tulikuta matofali ya pembeni yamekuwa meusi na ya katikati bado ni udongo. Mvua ya wiki ile iliyayeyusha. Yule kiongozi kutoka wilayani hakuja.

Mkutano ulifanyika pale pale kwenye uwanja wa matofali. Mwenyekiti alisema kazi ianze upya na kichaka kilichobaki kikatwe, safari hii mapema, kuni zipate kukauka. Baba akasimama.

"Nusu ya kichaka tumeigeuza moshi," alisema. "Tukikata na hii nusu iliyobaki, tutakunywa nini? Matofali?"

"Basi kuni zitoke wapi, mura? Mbinguni?" mwenyekiti alimwuliza.

"Mahameni."

Mahame yalikuwa pande zote, kila mtu alikuwa na lake: nyumba zilizoachwa, maghala, nguzo za maboma ya ng'ombe. Baba alieleza kwa utulivu. Ile ni miti iliyokwisha kukatwa. Imekaushwa na moshi wa majiko kwa miaka mingi, na mti mkavu mmoja hufanya kazi ya mibichi mitatu. Tujenge tanuru moja kubwa badala ya mengi madogo, joto la tofali moja lipashe jirani yake, tuache matundu juu, na kichaka kibaki. Alisema kweli tupu. Mpaka leo sijapata kosa katika hesabu yake.

Sauti ikatoka nyuma, kwa wanaume waliokaa juu ya mawe. "Maneno mazuri! Anza na la kwako!"

Wakacheka. Mwingine akadakia, "Au la kwako ni la dhahabu?"

Baba alikuwa bado amesimama. Aligeuza uso upande wa wanawake, akamtafuta mama kwa macho, akampata. Kisha akamwangalia mwenyekiti.

"Nitaanza na langu," alisema.

Hakusema "la mke wangu". Mama aliinuka, akajifunga khanga upya kiunoni, akachukua debe lake na kuondoka.

Jioni, kibandani, baba alikaa karibu na mlango. Mama alikuwa anasonga ugali.

"Ni kwa ajili ya zahanati," baba alisema.

"Najua zahanati ni ya nini."

"Na chemchemi. Nisipoanza mimi, hakuna atakayeanza."

"Nimesikia. Nilikuwepo."

"Nitatafuta nguzo nyingine."

Mama alipakua ugali, akamwekea, akamnawisha mikono. "Kula," alisema. Hilo ndilo lililoniogopesha. Mama yangu alikuwa mtu wa kugomba.

Asubuhi alituwahi. Tulipofika ng'ambo na mkokoteni, baba, wajomba wawili na mimi, tulimkuta anafagia. Alikuwa amefagia uwanja, amefagia chumba cha ndama, sasa alikuwa ndani akifagia kuzunguka jiko, nyumba ambayo kabla ya saa sita isingekuwepo. Mjomba mdogo alitaka kusema kitu, mkubwa akamkanyaga mguu. Mama alimaliza, akakusanya taka kwenye ungo, akaenda kuzimwaga mahali pake pa siku zote. Kisha akang'oa mafiga yake matatu, akayafunga kwenye khanga kuukuu.

"Anzeni na paa," alisema. "Mkianza na nguzo litawaangukia."

Akajitwika mafiga kichwani na kushuka bondeni bila kugeuka. Nguzo ya katikati ilikuwa imeshika ardhi. Baba aliichimbua mwenyewe, alikataa kusaidiwa. Ilipotoka, sehemu iliyokuwa chini ya udongo ilikuwa nyekundu na nzima, kama imekatwa jana.

Siku ile ile nguzo za wengine zikaanza kushuka kutoka kila upande, kwa mabega na kwa mikokoteni. Tanuru kubwa lilijengwa, likaachiwa matundu. Nguzo za mama ziliingizwa mdomoni mwa tanuru mwanzo kabisa, kwa sababu ndizo zilizokuwa kavu kuliko zote. Zilishika moto bila moshi. Upepo ulipogeuka, harufu ilitujia sisi tuliokuwa tukibeba maji, harufu ya vibuyu, maziwa na masizi. Yule bibi mcheshi aliweka debe chini.

"Moto huu unanuka nyumba ya mtu," alisema, na hakutania.

Matofali yalitoka mekundu. Ukiyagonga yalilia kama kengele. Zahanati ilijengwa, dawa zikaja, si zote, lakini zilikuja, na watu wazima kadhaa wanaotembea leo na vitambi vyao ni watoto wa zahanati ile. Kichaka kilibaki nusu, na chemchemi ikaendelea kutoa maji. Nayasema haya kwa sababu ni kweli, na kwa sababu mama mwenyewe aliyasema. Hakuwahi kumlaumu baba mbele ya mtu. Alimpikia na kumfulia. Ila chakula alimpa mlangoni. Kibanda alikikandika hatimaye, akakifanya nyumba, nyumba isiyo na nguzo ya katikati, na baba hakukaribishwa tena ndani. Alilala kwenye kibanda cha vijana wachunga ng'ombe, mtu mzima yule, na asubuhi vijana walimwamkia kwa aibu.

Misimu michache ikapita. Mwenyekiti alibadilishwa, msimamizi wa tanuru naye akabadilishwa. Agizo likaja la kujenga ghala, kubwa, upesi. Mahame yalikuwa yamekwisha, hakuna hata mchi uliosalia. Nilimwona baba akikimbia njia ya kichakani aliposikia mashoka. Alisimama mbele ya watu akawaambia waweke moto mdogo, wachanganye pumba za kahawa na udongo ili tofali lijichome lenyewe kwa ndani, wangoje kiangazi, chochote. Msimamizi mpya alimsikiliza kwa adabu.

"Mzee, tumekuelewa," alimwambia. "Lakini agizo ni la wiki hii."

Kichaka kilikwisha. Ghala lilipata kuta na halikupata paa. Kiangazi kilichofuata chemchemi ilikuwa tope, na tukaanza kuchimba mchangani mtoni na kungoja maji yajae kata moja moja.

Siku mashoka yaliponyamaza, baba aliomba vijana waliokuwa wakikata wamwachie gogo moja. Walimwachia. Alilibeba begani peke yake kutoka bondeni, akipumzika kila hatua chache, na watu wakimpisha. Alilifikisha kwenye nyumba ya mama, akalisimamisha kwenye ukuta wa nje. Mama alitoka akipangusa mikono.

"Nimekuletea nguzo," baba alisema. Shati lake lilikuwa limeloa utomvu.

Mama alilitazama lile gogo. Aliweka kiganja juu ya gome, akakiangalia kiganja chake.

"Hili bichi," alisema. "Liache likauke."

Sikujua siku ile kama alikuwa amemkataa au amemkubali. Baba naye, nadhani, hakujua. Lakini alilichukua kuwa jibu jema. Aliligeuza gogo lile kila baada ya mvua, alilimenya gome, aliliinua juu ya mawe mchwa wasilifikie. Mara nyingine alipokuja kuchukua chakula chake mlangoni, alilipiga kwa ngumi kusikiliza sauti yake. Mama alimwona. Alikuwa akisimama nyuma ya mlango na sahani mkononi mpaka amalize, ndipo atoke.

Baba alifariki ghafla, kiangazi, akiwa machungani. Waliletwa ndugu kutoka Ringwani na kwingine, uwanja ukajaa. Kwetu penye msiba huwashwa moto nje, na wanaume hukaa kuuzunguka siku zote za matanga. Vijana walizunguka kijiji kizima kutafuta kuni wakarudi na mabua ya mahindi na mavi makavu ya ng'ombe. Hakukuwa na mti mahali popote. Mjomba mkubwa alikuja kwa mama, alikokuwa amekaa chini na wanawake, akainama.

"Dada, moto hautafika jioni."

Mama alinyoosha mkono kuelekea ukuta wa nyumba yake.

"Kuna lile," alisema.

"Lile si nguzo yako?"

"Limekauka."

Wanaume wawili walilibeba. Lilikuwa jepesi kuliko walivyotazamia. Lilishika moto bila moshi, na mama aliinuka kutoka kwa wanawake, akaenda akakaa karibu nalo, upande wa wanaume, mahali ambapo mwanamke hakai, na hakuna aliyemwambia aondoke.