Jenifa na Kinyonga Aliyefunga Choo

Jenifa ni mke wa mwanangu Luka. Luka anaendesha lori, leo yuko Tunduma kesho hajulikani, kwa hiyo hapa Ihumwa tunaishi wawili, mimi na mkwe wangu, na kila mmoja ana kichwa chake. Yeye katoka Chemba, kwa wale wanaosema lugha ya kugonga ulimi. Akiongea na mama yake kwenye simu, mimi nasikia kama mtu anavunja vijiti vya kuwashia moto. Si mtu wa maneno mengi. Alfajiri anakaanga maandazi, anakwenda kuuza kituoni, akirudi anachota maji, anafua, anapika. Hanung'uniki. Siwezi kumsingizia.

Tabu ilikuwa nzi. Palipo na mafuta na sukari, nzi watakosaje? Jenifa hakununua dawa. Aliokota kinyonga kwenye ua wa minyaa, akamweka jikoni juu ya tawi alilolisimamisha kwa mawe. Nzi wakawa chakula chake. Nzi wakipungua, Jenifa anakwenda kwenye bustani za mchicha kumtafutia panzi, anawafuga kwenye ndoo aliyoifunika chandarua.

Sasa mimi nimezaliwa Chamwino. Mama yangu alitukanya kwamba kinyonga akikugusa mwilini, amekuletea msiba. Kwamba naogopa sikumwambia Jenifa. Nilisema tu, "Huyo mdudu wako, iko siku nitamwondoa."

Akacheka. "Mwondoe, mama. Halafu ukae hapo wewe ule nzi."

Basi neno langu hilo la kumwondoa likanigeukia. Kiangazi hiki kinyonga akaacha kula. Nzi anatua mbele ya pua yake, yeye anamtazama kwa jicho moja, basi. Tumbo likavimba, macho yakazama ndani, rangi ikawa ya mkaa. Anainua mkia, anajikamua, hakitoki kitu. Jenifa hata maandazi akaacha kukaanga. Alikaa mbele ya lile tawi kama mtu aliye na mgonjwa wodini.

Jirani yetu Zipora akaja kuomba moto, akachungulia. "Mama Luka! Hicho kitu kinakufia ndani! Kitoe nje kabla hakijakata roho, usije ukanililia mimi."

"Moto si umeshapata, Zipora? Nenda kapike."

Kumfukuza nilimfukuza, lakini nikasogea hatua mbili mbali na lile tawi.

Alipotoka tu, Jenifa akanigeukia. "Mama, umempa nini?"

"Nani?"

"Huyu. Ulisema utamwondoa."

"Mimi ni wa kumtilia sumu mdudu?"

"Apa basi."

"Siapi. Mtu wa umri wangu haapishwi jikoni na mkwe wake."

Akaingia chumbani. Nikasikia zipu ya begi. Akarudi, akasema taratibu, na huo utaratibu wake ndio ulionitisha: "Akifa huyu, mimi naenda kwetu. Siwezi kula chungu kimoja na mtu nisiyejua atanitilia nini."

Ningesema, kaa mwanangu. Badala yake nikatoka nje nikachukua ungo, nikaanza kupepeta mtama uliokwisha kupepetwa tangu jana. Na Luka akirudi nitamwambia nini? Mkeo kafukuzwa na kinyonga?

Mara namwona Jenifa mlangoni na ile ndoo ya panzi. "Mama, hawa mbona weupe?"

"Majivu hayo. Sisimizi walikuwa wanakumalizia. Nikawanyunyizia majivu, kama tunavyofanya mbegu za kunde. Kila ukileta wengine nawatia. Asante hujanipa."

Akamtoa panzi mmoja, akamsugua, vidole vikabaki kijivu. Akanitazama, akaitazama ndoo.

"Kunde unaziosha kabla ya kupika, mama. Huyu anameza hivyo hivyo. Na kiangazi umande hakuna, hana cha kulamba. Majivu yamegandia huko tumboni."

Nilikuwa nimemsaidia, na msaada wangu ulikuwa unaua.

Akapasha maji yawe vuguvugu, akamtoa kinyonga juani. Lakini mikono ikawa haitoshi. Amshike, amnyunyizie, amkande tumbo, peke yake? Akapaza sauti kumwita Zipora. Zipora akajibu kule kule ng'ambo ya ua, "Thubutu!" Jenifa akanitazama, wala hakuniomba.

Nikaweka ungo chini. "Mlete."

"Unaogopa, mama."

"Nani kakwambia? Mlete, jua linaondoka."

Akamweka kwenye kiganja changu. Vile vidole vyake vikanibana kama koleo ndogo. Sauti ya marehemu mama niliisikia kabisa. Jenifa akajaza maji mdomoni, akampulizia kichwani kama mtu anayenyunyizia nguo za kupiga pasi. Kinyonga akafumbua kinywa, akanifokea.

"Usimbane, mama!"

"Simbani! Ananibana yeye!"

Akatia mafuta kidoleni, akampapasa tumbo kuelekea mkiani, pole pole. Akapuliza tena. Tone likateremka puani mwa kinyonga, akalilamba. Lingine. Kisha vile vidole vikalegea mkononi mwangu, kichwa kikainama.

"Amekufa," nikasema.

"Hajafa. Mshike."

"Jenifa, amekufa."

"Mama, mshike!"

Nikamshika. Mkono nikauegemeza kwenye goti. Akapuliza, akapapasa, akapuliza. Ghafla mkia ukainuka. Mwili wote ukajikaza, nikausikia unavyojikaza. Kikatoka kidonge kijivu, kigumu kama kokoto, na nyuma yake uchafu wa njano, halafu mweusi, majimaji, ukanitiririka mpaka kwenye kifundo cha mkono.

Jenifa akaketi chini mavumbini, anacheka na kufuta macho.

"Mama, amekunya mkononi mwako."

"Naona. Macho ninayo."

"Nikuletee maji?"

"Mpe yeye kwanza."

Akampulizia tena, kinyonga akalamba mwenyewe bila kusukumwa. Rangi ya majani ikaanza kumrudia shingoni. Jenifa akauliza bila kuniangalia usoni, "Kesho nikienda kituoni, nani atampulizia maji?"

"Kwa mdomo wangu mimi? Hapana," nikasema. "Nitachovya mkono, nimnyunyizie."