Samaki Tisa wa Mutwiri

Njuki wa Ireri alizaliwa Mbeere, kwenye nchi kavu ya chini ya Embu, na hakuonja samaki hadi alipofika miaka arobaini. Alimwonja mara moja, arusini, akasema ni sawa na kutafuna sindano. Mnyama aliyemjua ni mbuzi. Aliwajua mbuzi wake kwa kikohozi, na akiwa amefumba macho angeweza kushika sikio la mmoja akakuambia mama yake ni nani.

Katika elimu yake yote ya mbuzi, jambo moja aliliheshimu kuliko mengine: usiweke mali yako yote katika zizi moja. Wanne kwa shemeji, watano kwa rafiki ng'ambo ya mto, sita kwa dada aliyeolewa mbali. Ukame ukija huku, huko pengine kuna jani. Ugonjwa ukiingia kwako, kwa mwenzako haujafika. Miaka ile mvua ilipokataa msimu baada ya msimu, majirani walizika mifugo hadi wakachoka kuchimba. Njuki alipoteza nusu tu.

"Wengine walikuwa wametembea," alikuwa akisema.

Sasa ana miaka sabini na mmoja, na anaishi mjini Meru, ghorofa ya pili karibu na Makutano, kwa binti yake Kawira. Alikuja kwa matanga. Mutwiri, mume wa Kawira, mwalimu wa fizikia, aliugua figo akafa katika muda wa miezi minne. Kwa kawaida baba mkwe hakai kwa mkwe. Hufika, hunywa uji, huondoka na heshima yake. Njuki alipanga kukaa wiki mbili. Lakini asubuhi ya kuondoka alimkuta Kawira amesimama mbele ya tangi la kioo pale sebuleni, chakula cha samaki kiganjani, hanyunyizi, hasemi, hageuki. Njuki akarudisha koti lake msumarini. Huu ni mwaka wa pili.

Tangi lilikuwa la Mutwiri. Ndani yake mlikuwa na samaki wanaoitwa neoni, wembamba kama njiti, kila mmoja na mstari wa buluu ubavuni na wekundu chini yake hadi mkiani. Huogelea kwa kundi. Mmoja akigeuka wote wamegeuka, kama kitambaa kimoja kinachokunjwa na mkono usioonekana. Mutwiri aliacha kumi na tisa. Uzee ukawachukua mmoja mmoja, wakabaki tisa.

Njuki hawezi kuona kundi linapungua akanyamaza.

"Mama, leta wengine," alimwambia Kawira siku moja. "Kundi halikai hivi."

"Hawa ndio aliowalisha yeye, Baba. Nikiwachanganya na wageni, nitawajuaje?"

"Mbuzi wa kununuliwa na wa kuzaliwa nyumbani hulala zizi moja."

"Hawa si mbuzi."

Njuki akaliacha neno hilo hapo. Alijua kwamba binti yake hahesabu samaki. Anahesabu kilichobaki cha mumewe, na kila akizika mmoja kwenye mkebe wa maua, kinapungua.

Mwezi wa Novemba Kawira, ambaye naye ni mwalimu, aliitwa Nairobi kusahihisha mitihani. Siku kumi na mbili, na huenda asipatikane kwa simu. Alimwonyesha baba yake kiasi cha chakula, akamwonyesha hita, kijiti kile kinachopasha maji moto.

"Hii usiiguse."

"Kwani itaniuma?"

"Baba."

"Sawa, nenda. Nimelea mbuzi themanini, nishindwe na dagaa tisa?"

Siku ya nne mvua kubwa ilinyesha na stima ikapotea, hita ikapoa nayo. Ilipotea Jumatatu, ikarudi Jumatano. Baridi ya Meru ilikuwa imekaa ndani ya maji siku hizo zote, na asubuhi ya Jumatano Njuki aliona samaki wawili wana chembe nyeupe mwilini, kana kwamba wamenyunyiziwa chumvi.

Alijua ugonjwa wa kuambukiza akiuona. Akafanya jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili angelifanya kwao Mbeere. Wagonjwa wawili aliwatia kwenye jagi la sharubati, akaliweka jagi roshani, mbali. Watatu aliwatia kwenye beseni la jikoni. Wanne aliwatia kwenye sufuria kubwa ya ugali, akaibeba hadi chumbani kwake. Kila chombo alikijaza maji mapya ya mfereji. Tangi lenyewe alilihama, kwa sababu zizi lenye ugonjwa huhamwa. Kisha akaketi akanywa chai, moyo wake umetulia.

Kesho yake akaenda kwenye beseni, akafikiri macho yake yamezeeka. Buluu haikuwapo. Wekundu haukuwapo. Samaki watatu walikuwa rangi ya maji ya mchele, kila mmoja ameshika ukingo wake, hakuna anayemtazama mwenzake. Kwenye sufuria ilikuwa hivyo hivyo. Kwenye jagi, wawili wamelala ubavu juu ya maji.

Mbuzi akitengwa hulia. Hawa hawakuwa na sauti ya kulia. Walikuwa na rangi tu, nao walikuwa wameiacha.

Njuki aliwafunga maiti wale wawili kwenye leso, akashuka ngazi. Kwenye tangi palikuwa na karatasi ya duka lililowauza: nyuma ya agroveti moja, duka la dawa za mifugo, pale Makutano. Alimkuta mwenye duka, msichana mrefu aitwaye Maxine, anaosha vioo.

"Guka, umeniletea nini?" alimuuliza, kama mjukuu amwitavyo babu. Akafungua leso. "Ai! Maiti?"

"Ni wa mkwe wangu. Mwalimu Mutwiri."

Maxine akaikunja leso. "Mwalimu alinisumbua huyo! Kila Jumamosi maswali. Pole sana, guka. Wengine wako wapi?"

"Nimewatenga. Watatu kwa beseni, wanne kwa sufuria."

"Sufuria! Unawapikia ama unawapika?"

"Ugonjwa ukiingia, unatawanya mifugo kwa mashemeji," Njuki alisema, naye sasa ameudhika. "Hata mtoto wa kwetu anajua."

"Sikia, guka. Huu ugonjwa uko kwa maji, si kwa samaki peke yake. Na hao hawatembelei shemeji. Ukimtoa kwa wenzake anaogopa, na woga unamuua kabla ya ugonjwa. Tena umewaweka kwa maji baridi, yenye dawa ya mfereji?"

Njuki alitazama chini. "Ndiyo."

Maxine hakumcheka tena. Akampa chupa ya dawa na akamweleza polepole: warudi wote kwenye tangi lao, joto la hita apandishe digrii moja asubuhi, moja jioni, dawa matone kadhaa kila siku, taa azime, kioo akifunike kwa shuka ili watulie. Kisha akaongeza, "Lakini saba ni wachache. Wakiendelea kupungua watajificha tu mpaka waishe. Wakishapona, waongeze."

"Si wangu wa kuongeza."

"Basi chukua wawili leo, uwaweke pembeni. Wanafanana kama mchele. Huyo binti yako hatajua."

Alionyesha kioo kilichokuwa nyuma yake. Walikuwa mia, pengine zaidi, wakigeuka pamoja. Njuki aliwatazama muda mrefu. Wawili tu, na saba wangekuwa tisa. Kawira angeingia, angehesabu, angevua viatu, angeomba chai. Na siku jambo lenyewe lingejulikana, kwa sababu hujulikana, asingemwamini tena samaki hata mmoja mle ndani, wala baba yake.

"Mwenye kundi hadanganywi hesabu," alisema, akachukua dawa peke yake.

Siku nne alikaa kando ya tangi lililofunikwa shuka. Aliinua ncha ya shuka kuchungulia, akaishusha. Siku ya tano walikuwa wanakula. Siku ya sita buluu ilianza machoni, ikashuka ubavuni. Lakini walikaa nyuma ya jiwe, hata kivuli cha mkono kikiwatawanya.

Kawira alirudi Jumatano alasiri. Hakuweka begi chini kabla ya kuhesabu.

"Baba. Saba?"

Njuki akamwambia yote. Stima, chumvi ile nyeupe, jagi, beseni.

"Uliwaweka kwenye sufuria ya ugali?"

"Niliiosha."

Kawira alicheka, kicheko kikavunjika katikati. "Uliwaua wawili wake."

"Niliwaua," Njuki alisema. Baadaye, chai ikiwa imepoa, akasema, "Yule msichana wa duka alitaka kunipa wawili wa kufanana nao. Nikakataa."

"Kwa nini?"

"Ungewahesabu tisa, na ungekuwa unahesabu uongo."

Kawira aligeukia kioo. Saba walikuwa nyuma ya jiwe, wamebanana.

"Nisingejua," alisema. "Ungenipa, nami ningewalisha, nisijue kabisa." Akamgeukia tena. "Ningewapenda, Baba?"

"Ungewapenda."

Walisubiri wiki mbili, kama Maxine alivyoagiza, hadi maji yawe salama. Jumamosi ya tatu Kawira alipanda ngazi na mfuko wa plastiki uliojaa maji na samaki kumi. Aliuweka mfuko ndani ya tangi ukaelea ili maji yalingane joto, kisha akaufungua. Wageni walijibana kwenye kona, weupe kwa woga. Saba wakatoka nyuma ya jiwe kuangalia. Ilipita dakika, ikapita nyingine. Mgeni mmoja akageuka, wa nyumbani wakageuka naye, na tangi lote likakunjuka upande mmoja.

Kawira alihesabu kwa kidole juu ya kioo. Alifika tano, akarudi nyuma, akafika sita, akapoteza hesabu.

"Yule pale ni wetu?" aliuliza.

"Yupi?"

"Yule aliyepita chini."

Njuki alisogeza uso karibu na kioo, akawafuata kwa macho ya mtu aliyezoea mbuzi.

"Mama, sijui," alisema. "Lakini wana njaa."

Kawira akachukua chakula kidogo kwa ncha za vidole, akakinyunyiza juu ya maji.