Ubavu wa Kushoto

Mkanda wa jeshi ulinishika ubavu wa kushoto, ukatoa malengelenge, ukapona. Maumivu hayakupona, na huu ni mwaka wa pili. Rungwe ni mvua na baridi, kila mtu yuko ndani ya sweta, mimi hata khanga ikinigusa ubavuni naona moto. Majirani zetu hapa Masoko walinong'ona juu yangu, maana ugonjwa huo una sifa yake. Nikapima, sikukutwa na virusi vya Ukimwi, wakaendelea kunong'ona vilevile.

Mama mkwe wangu hunisalimu kila asubuhi, "Ugonile?" Ndiyo salamu ya Kinyakyusa, ila ukiitazama maana yake anakuuliza kama umelala. Mwaka mzima nilimwitikia vizuri, kama mtu aliyelelewa. Siku moja nikamwambia, "Sijalala, na wewe unajua." Alisimama na ndoo yake, akasema, "Pole, mwanangu," akaenda zake. Nikasubiri aibu inijie. Haikuja, na hapo ndipo nilipoogopa, nikaenda hospitali Makandana.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akagusa paji lake la uso.

"Nyuma ya hapa, mama, ubongo unapima hisia na kusaidia kutuliza maumivu. Seli zake zinaamshana kwa kemikali inaitwa glutameti. Neva ikiuma muda mrefu, hayo mawasiliano yanaweza kufifia."

"Kwa hiyo nimeshaharibika?"

"Hatusemi hivyo. Wataalamu bado wanachunguza. Tumia vidonge hivi, halafu tuone."

Nimeona. Vidonge vilinikausha kinywa na kunilaza mchana kama mlevi, ubavu ukabaki macho. Swali lililonipeleka sikumwuliza, kwa sababu sikujua mwanamke analitamkaje: kama sehemu hiyo imefifia, mapenzi kwa mtoto nayo yanabaki wapi?

Nina binti wa miaka minne. Nilimbeba kwenye ubavu huohuo tangu akiwa mchanga. Siku hizi akinikaribia nanyoosha mkono kumzuia kabla hata sijafikiri. Mwanzoni alilia sana. Baadaye akajifunza kusimama hatua mbili mbali na kunisimulia habari zake kutoka hukohuko, kama mgeni ambaye hajakaribishwa kiti. Nachukia kuliona hilo, na mkono bado naunyoosha.

Wiki iliyopita aliteleza kwenye matope migombani, goti likachubuka vibaya. Nilikuwa nimekaa mlangoni, hakuna aliyekuwa karibu naye kuliko mimi. Alinyanyuka, akanitazama, kisha akanipita huku akilia, akaenda kujitupa kifuani kwa bibi yake jikoni.

Mama mwingine angechomwa moyo. Mimi nilishusha pumzi, nikashukuru kwamba hakunigusa.