Mrashi Uliokosekana Kabatini

Usiku ule nililala na kosa ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote: nilipekua mkoba wa bibi yangu akiwa mgonjwa kitandani. Nilifanya hivyo katika mwaka wangu wa kwanza wa kukusanya vitu vya zamani, na hata miezi saba baada ya kumzika nilikuwa bado najiambia kwamba nilikuwa na sababu.

Nieleze kwanza hivyo vitu. Nyumba yetu iko Ngamiani, Tanga, na sebuleni nina kabati la vioo. Rafu za juu ni za vyombo vya fedha: chetezo cha kufukizia udi, sinia mbili, kikopo cha wanja, vikuku vinne, na mrashi wa kunyunyizia marashi, wenye shingo nyembamba na tumbo la duara. Rafu za chini ni za vitabu vikuukuu vya maulidi na dua, vyenye majalada ya ngozi. Vyote vimetoka kwa watu waliohama au waliouza vya marehemu wao. Hakuna aliyenifundisha kazi hii. Kikuku cha kwanza nilikisugua kwa dawa ya meno mpaka maua yaliyochongwa yakafutika, na siku ile sikula chakula. Tangu hapo kila kitu nikakiandikia kadi, na nafasi kati ya chombo na chombo nikawa naipima kwa rula.

Bibi Mwanahamisi, mama yake mama, aliishi nasi. Alikuwa akija kabatini kama mtu aliyekuja kutembelea wenzake. Anachukua kitabu, anafungua ndani ya jalada, pale ambapo watu wa zamani waliandika kwa herufi za Kiarabu nani kazaliwa na nani kafariki katika nyumba yao, anayasoma majina yale moja moja na kuyaombea. Watu asiowajua kabisa. Nami nasimama nyuma yake, naangalia vidole vyake.

"Bibi, umetoka kula samaki. Nawa mikono kwanza."

"Haya, mume wangu," ananijibu, maana ndivyo alivyoniita tangu utotoni. "Mimi jamani nimeolewa na bwana afya!"

Siku moja mrashi haukuwepo. Sikumuuliza mtu. Nilisogeza chetezo na sinia ili pengo lisionekane, nikanunua kufuli, nikaanza kuwatazama watu wa nyumbani kwetu. Nilimtazama mama akitoka na kikapu. Zaidi nilimtazama Bibi, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akigusa. Hata alipoanza kuumwa sikuacha. Adhuhuri moja alikuwa amelala ameelekea ukutani, nikadhani amesinzia, nikaufungua mkoba wake wa kitambaa aliokuwa akiuweka chini ya kitanda. Mlikuwa na kitana, vidonge vya presha, kipande cha sabuni, na picha yangu ndogo ya darasa la pili. Mrashi haukuwemo. Nyuma yangu tasbihi mkononi mwake, ambayo sikuwa nimeitambua ikigongana taratibu, ikanyamaza. Bibi hakugeuka. Baada ya siku tisa akafariki.

Basi usiku ule, usingizini, nikajikuta naingia sebuleni, na nje ilikuwa alasiri. Jua lilikuwa limepita dirishani likaangukia rafu za juu, na vyombo viling'aa kuliko nilivyowahi kuving'arisha. Kufuli liko mahali pake, limefungwa, lakini milango ya kabati iko wazi. Bibi ameketi kwenye mkeka mbele yake, amenipa mgongo. Nilijua kwamba amekufa. Hilo halikunitisha. Kilichonitisha ni kwamba yuko peke yake na vitu vyangu, na sijui tangu saa ngapi.

Sikumwamkia. Nalisema hili kwa sababu ndilo linaloniuma: kwanza nilihesabu. Chetezo, sinia, sinia, kikopo, vikuku vinne. Halafu nikatazama mikono yake.

Bila kugeuka, akainua viganja vyote viwili. Vilikuwa vinachuruzika maji.

"Nimenawa, mume wangu."

Matone yakaanguka kwenye mkeka. Kulikuwa na kitabu karibu na goti lake, nikakirukia nikakivuta kisilowane. Nikafungua jalada kuona kama kimepona. Karatasi ilikuwa nyeupe tupu. Majina yote hayapo. Nikamsikia Bibi anayataja kwa sauti ndogo, jina baada ya jina, kama mtu anayetafuna kitu kitamu, nikasema moyoni: ameyachukua. Nikamsogelea nimwone mdomo. Akaufunga.

Anainuka sasa, na sebule imekuwa ndefu. Kabati linaendelea kama ukumbi wa hospitali, rafu kwa rafu, na Bibi anatembea polepole akisoma kadi zangu. Katika uhai wake hakujua herufi hizi zetu za shuleni, lakini anasoma kwa sauti ya mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa. "Fedha. Usiguse. Fedha. Usiguse. Ngozi. Usiguse." Namfuata hatua mbili nyuma. Nimeyakazia macho mapindo ya kanga yake, kila anapopita chombo nageuka kuhakikisha kwamba kimebaki. Vinabaki. Hilo halinipi amani. Nafikiri: anasubiri nisahau.

Amefika pale nilipoziba pengo. Anasukuma chetezo kwa kidole kimoja. Pengo linafunguka, na kwenye ubao kuna duara la vumbi, sawasawa na kitako cha mrashi, ingawa rafu ile naipangusa kila Ijumaa.

"Unatafuta nini, Bibi?" nilimuuliza. Hata mimi niliisikia sauti yangu ilivyokuwa kali.

"Mimi?" Akacheka kile kicheko chake cha puani. "Mtafutaji ni wewe."

Kisha tuko katika nyumba ya watu. Nyumba siijui lakini mikeka naijua, ni ile inayotandikwa kwenye misiba. Wanawake wameketi wamebanana, moshi wa udi unapita vichwani mwao, na katikati yao vyombo vyangu vinatembea mkono kwa mkono. Sinia yangu imejaa kashata. Kwenye chetezo changu kuna makaa mekundu, makaa ya kweli, katika chombo ambacho sijawahi kukitia hata kiberiti. Kikopo cha wanja kiko kwa bibi harusi ambaye sielewi anafanya nini msibani. Nakimbilia kimoja, kimeshapita. Nakimbilia kingine. Nikikigusa kina joto, kama kilichotoka kifuani mwa mtu.

Hapo ndipo matone ya marashi yananiangukia usoni. Mrashi umo humu ndani. Nageuka, na kila mwanamke ameweka mikono mapajani, na mikono yote imelowa.

"Ni nani?" nasema. Wananitazama kama wanavyotazama mtu aliyeingia na viatu.

Nikaanza kupekua. Nilipiga magoti msibani, nikavuta mkoba wa mwanamke wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nafungua, namwaga, nafungua. Hakuna aliyenizuia, na kadiri walivyokaa kimya ndivyo nilivyozidi kuwadhania. Mpaka nikafika kwenye mkoba wa kitambaa niliokuwa naufahamu. Bibi ameketi nyuma yake. Nikatia mkono: kitana. Vidonge. Sabuni. Picha yangu. Natia tena: kitana, vidonge, sabuni, picha. Tena. Mkono umeanza kuchoka, na ndipo nikaona kwamba Bibi ameushika mdomo wa mkoba kwa mikono miwili na kunipanulia, kama unavyompanulia mwenzako gunia amimine mchele.

"Pekua vizuri," alisema.

Hakukuwa na kejeli katika sauti yake. Ningepona kama ingekuwepo.

"Bibi, nisamehe," nikataka kusema, lakini kinywani mwangu yalitoka majina ya wale watu wa kwenye jalada, watu nisiowajua, mmoja baada ya mwingine. Akangoja yaishe. Akaniinamia mpaka nikasikia harufu ya sabuni mikononi mwake.

"Ungeniuliza," alisema.

Nikaamka. Adhana ya alfajiri ilikuwa inamalizika, na nilikuwa nimekunja ngumi kana kwamba nimeshika kitu. Nilifungua vidole kuona. Nilikaa hapo nikirudia neno lile moja. Hakuniambia mrashi uko wapi, wala hakuniambia kwamba hakuuchukua. Alinidai swali tu.

Mama alikuwa uani anachoma maandazi.

"Mama, kuna mtu aliyewahi kuazima mrashi wangu?"

"Umepotea?"

"Tangu Bibi hajaumwa."

Akageuka na kijiko mkononi. "Tangu Bibi hajaumwa! Ndiyo maana ulikuwa unachungulia kikapu changu kama askari wa forodha. Mbwana, ulinidhania mimi?"

"Wewe na Bibi."

Alipindua maandazi yote ya karaini kabla ya kunijibu. "Mtaa huu watu wanaazimana vyombo tangu sijazaliwa. Mwenye harusi anakuja, mwenye hitima ya marehemu wake anakuja. Mama yangu hakuwahi kumwambia mtu hapana. Wakati ule aliyefiwa ni Mama Saumu, alifiwa na kaka yake. Nenda kaulize. Kuuliza, nimesema. Usiende kukagua."

Mama Saumu anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nilimkuta anafagia kibarazani. Nilimwamkia, nikamuuliza, nikaona ufagio unasimama.

"Leo umekumbuka kwamba una mdomo," alisema. Akaingia ndani, akatoka na kitu kilichofungwa ndani ya kanga kukuu. Akanifungulia mbele yangu. Mrashi ulikuwa umepiga weusi, na shingoni ulikuwa na chembe za marashi yaliyokauka.

"Bibi yako alinipa kwa mkono wake kwa ajili ya hitima. Akaniambia, nirudishie mimi mwenyewe, mume wangu ana wasiwasi na vitu vyake. Kabla sijafanya hivyo akaugua, sikutaka kumsumbua. Siku ya maziko yake nilikuja nao chini ya buibui. Nakuta watu wanalia, wewe umesimama kabatini unahesabu. Nikasema, huyu nikimpa leo, mimi ndiye mwizi. Nikarudi nao."

"Ningekuita hivyo kweli," nilimwambia.

"Najua. Ndiyo maana nilirudi nao."

Nilipofika nyumbani nilimweleza mama yote, na la mkoba pia. Nilifikiri atanifukuza uani.

"Mkoba najua," alisema. "Aliniambia siku ile ile. Alisema, mume wangu kuna kitu anakitafuta, akishindwa kukiona atakuja kuniuliza. Kila jioni alikuwa ananiambia nimwekee mto ili akae, eti utakuja kuongea naye. Nikadhani mliongea."

Siku tisa. Nilikuwa chumba cha pili.

Mrashi sijausugua mpaka leo. Kufuli nimeliondoa, na kadi za "usiguse" nimezichana. Anayekuja kuazima namfungulia kabati achague mwenyewe, ingawa akiondoka na chombo bado nahesabu vilivyobaki mpaka kirudi. Kitu kikikosekana nauliza siku hiyo hiyo, kwa sauti, nikimtazama mtu usoni. Mkoba wa mtu sijaufungua tena.