Mkono Uliotokea Mara Mbili

Mtaani walimwita Bwana Tulia, na jina hilo alijitakia mwenyewe. Kamera yake aliiunda kwa mbao za kabati bovu, jicho lake kioo cha darubini kuukuu, na kopo la rangi ndilo lililolifunika jicho hilo na kulifunua. Ukikaa mbele yake ukae kama gogo, dakika nzima na ushei, maana ukigeuka kidogo tu unatoka na pua mbili. "Tulia!" ndiyo ilikuwa salamu yake. Wenye simu walipiga picha mia yeye bado anapanga kiti, wala hakujali. Alikuwa na kile kiburi cha fundi, jamani, cha kupenda kazi kuliko watu.

Aliyemshinda ni dada yake mkubwa, mshonaji wa sare za shule. Mama yule hakutulia hata usingizini. Akikaa tu kitini atakumbuka pasi, atacheka, atajikuna, na picha inatoka ukungu mtupu.

"Dada, umeniharibia karatasi tena!"

"Nitatulia kaburini, mdogo wangu. Harakisha hilo sanduku lako."

Asubuhi moja dada akaja amechoka, analalamika kichwa kinamgonga. Bwana Tulia akasema moyoni, leo ndiyo leo. Mwanga wa dirishani ulikuwa mzuri ajabu. Akamkalisha, akamwegemeza kisogo kwenye ule uma wa mti aliofunga nyuma ya kiti ili vichwa visiyumbe, mikono juu ya mapaja. Akatoa kopo, akaanza kuhesabu kimoyomoyo.

Hakufika hata nusu. Mkono wa kulia wa dada ukateleza pajani, ukaning'inia. Mdomo ukapinda. Bwana Tulia aliona. Tusimpambe: aliona vizuri. Lakini kichwa kilikuwa kimetulia juu ya uma kuliko siku zote, na yeye akajiambia kasinzia tu, acha nimalize. Akahesabu mpaka mwisho. Akarudisha kopo taratibu, mwanga usije ukapenya, ndipo akamwendea.

"Dada?"

Dada hakuweza kujibu.

Kiharusi. Daktari alisema amewahishwa vizuri. Naye alisema hivyo kwa sababu Bwana Tulia alimwambia mgonjwa alianguka akabebwa papo hapo. Mpwa wake, mtoto pekee wa dada, kijana wa kuchomelea vyuma, akamshukuru mbele za watu: "Bila wewe, mjomba, mama tungemzika." Roho ilimsuta Bwana Tulia. Picha aliisafisha, akaificha chini ya godoro, akasema imeungua. Kuichoma kweli alishindwa, maana hajawahi kupiga nzuri kama ile, na aibu ya kushindwa huko ikazidi aibu ya kwanza.

Ulimi wa dada ukarudi polepole. Mkono haukurudi. Cherehani ikafunikwa shuka. Mpwa akishinda kazini, mjomba ndiye aliyemlisha mgonjwa, akamwogesha, akamgeuza. Alasiri moja dada akamwambia, "Ile picha unayo. Wewe huunguzi karatasi. Lete."

Akaileta. Dada akaitazama mapajani pake. Macho yametoka safi, hata kope unazihesabu. Mkono wa kulia umetokea mara mbili: mmoja juu ya paja, hafifu, mwingine umening'inia kando ya kiti. Aliyekalia kiti kile mara nyingi namna ile hakuhitaji kufafanuliwa.

"Mkono ulianguka kopo likiwa wazi," akasema kwa ulimi mzito.

"Ndiyo, dada."

"Uliona?"

Uongo ulikuwa umeshamjaa mdomoni. Akaumeza.

"Niliona. Nikamaliza kwanza. Nisamehe, dada yangu."

Dada akajaribu kuikunja picha kwa mkono mmoja, ikamshinda. Bwana Tulia akanyoosha wake amsaidie, dada akausukuma. Akaishika kwa meno, akaikunja, akaisokomeza ndani ya blauzi. Lango likalia uani. Mpwa anarudi kutoka kazini.

"Mwanangu asijue," dada akasema. "Atakufukuza. Halafu nani ataniogesha?"

Mpwa akaingia, uso umejaa masizi na tabasamu.

"Shikamoo, mjomba."

Dada alikuwa akimkazia macho ndugu yake, akisubiri aitikie.

"Marahaba," akasema.